Sura ya Tano: Kiungo Kisichoandikwa

Fomula ya mpira uliovisha matairi magari ya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia ni fupi mno, inaenea kwenye kiganja. Butadieni sehemu 75 kwa uzito, stirini 25, maji 180, sabuni 5, merkaptani nusu sehemu ili minyororo ya mpira isirefuke kupita kiasi, na potasiamu pasalfeti 0.3 ya kuuamsha mmenyuko. Tangi hufungwa, joto hushikiliwa kwenye nyuzi 50 za Selisiasi, na baada ya saa 12 hivi karibu robo tatu ya malighafi huwa imegeuka vichembe vya mpira vilivyotawanyika majini. Kila kitu kimepimwa, vingine hadi desimali. Kukoroga hakumo.

Sura hii ni ya kiungo hicho ambacho hakuna aliyekiandika. Mapanga yanayozunguka ndani ya tangi huamua mambo ambayo msomaji wa fomula angedhani yameamuliwa na kemikali peke yake: mmenyuko uende upesi au ukokote miguu, vichembe viwe vingi au vichache, tangi lipoe au lichemke, na mwisho wa siku utoke na majimaji meupe yanayouzika au bonge la kutupa. Na jambo hili halikuishia kwenye vita. Rangi ya maji iliyo kwenye kuta za nyumba yako na gundi nyeupe ya fundi seremala zilizaliwa kwa njia hiyohiyo, ambayo wanakemia huiita upolimishaji wa emalsheni.

Mpira ule ulitafutwa kwa haraka na hofu. Mapema mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia vilivyokuwa chini ya Waholanzi, na Marekani ikapoteza karibu asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Mshtuko huo ulifika hadi kwetu: huko Kongo wanavijiji walirudishwa porini kwa lazima kugema mpira wa mwitu, na Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu zama za Wajerumani yakafufuliwa. Wajerumani wenyewe walikuwa tayari na jibu la kiwandani, kwani Walter Bock na Eduard Tschunkur wa IG Farben walikwisha kuunganisha butadieni na stirini mwaka 1929. Marekani iliingia mbio hizo ikiwa nyuma sana. Mwaka 1941 ilitengeneza tani 231 tu za mpira wa aina hiyo. Kufikia 1945 viwanda vyake vilitoa takriban tani 70,000 kwa mwezi.

Nyuma ya ongezeko hilo kulikuwa na majaribio mengi ajabu, na mengi yalifanywa ndani ya chupa za soda. Mtafiti alijaza viungo, akaifunga chupa kwa kizibo cha bati, akaitia pamoja na wenzake kwenye birika la maji ya moto lenye fremu iliyozipindua chupa kichwa chini miguu juu, saa baada ya saa. Ulikuwa utaratibu wa busara: uliweza kulinganisha sabuni kadhaa kwa usiku mmoja. Lakini chupa zote zilipinduka kwa mwendo mmoja. Kitu kisichobadilika hakionekani kwenye matokeo, na ndiyo maana kukoroga kulikaa muda mrefu nje ya hesabu.

Hata nadharia ilikuja bila hicho kiungo. William Harkins wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza mwaka 1947 mmenyuko unatokea wapi hasa, na mwaka uliofuata W. V. Smith na R. H. Ewart, waliofanya kazi katika kampuni ya U.S. Rubber, wakaugeuza ufafanuzi huo kuwa milinganyo inayotumika mpaka leo. Inafaa tuingie humo, kwa sababu siri ya mapanga imefichwa kwenye sabuni.

Stirini haipendi maji. Lita moja ya maji hubeba gramu 0.3 hivi tu. Ukiikoroga pamoja na maji inakatika kuwa matone, kila tone likiwa na upana wa maikromita chache, yaani maelfu ya nanomita. Sabuni nayo, ikizidi kiwango fulani majini, hujikusanya: molekuli zake hukaa makundi makundi, kama sitini kwa kundi, mikia ikiangalia ndani na vichwa nje. Kundi hilo huitwa miseli, na upana wake ni nanomita 5 hivi. Pasalfeti hupasuka ndani ya maji na kutoa radikali, chembe zenye uchu wa kuungana na chochote. Hapa ndipo akili ya kawaida inapokosea. Mtu atatarajia radikali ziingie kwenye matone, kwa kuwa ndiko stirini iliko. Haziingii huko, ila kwa uchache usio na uzito, kwa sababu ya eneo: zinatangatanga majini hadi zigonge uso fulani, na uso mpana kuliko wote ni wa miseli. Radikali huingia kwenye miseli, mnyororo huanza kukua, na ile miseli hugeuka kichembe cha polima. Matone yanabaki kuwa ghala. Stirini hutoka tone kwa tone ikayeyuka kidogokidogo majini na kusafiri hadi kwenye vichembe vinavyoila.

Tuifanyie hesabu. Chukua lita moja ya mchanganyiko: mililita 400 za stirini, 600 za maji, na gramu 5 za sodiamu dodesili salfeti, ile sabuni inayopatikana kwenye shampuu na dawa za meno. Gramu 1.4 hivi huyeyuka majini bila kuunda miseli, kwa hiyo gramu 3.6 zinabaki kwa kazi. Ukikoroga kwa upole hadi matone yawe ya maikromita 10, uso wa matone yote kwa jumla ni mita za mraba 240. Uso wa miseli unazidi mita za mraba 3,700, na kwa kila tone moja kuna miseli zaidi ya milioni mia moja. Mashindano hayo yamekwisha kabla hayajaanza.

Sasa ongeza kasi ya mapanga. Matone yanakatika vipande, na kila yanapopungua upana, uso wao unapanuka. Uso huo haukai uchi. Unavikwa sabuni, na sabuni ile inatoka kwenye miseli. Matone ya maikromita 10 yalichukua robo gramu tu. Yakifika maikromita 2 yanachukua gramu 1.15, karibu theluthi ya sabuni iliyokuwa na kazi. Yakifika maikromita 1 yanachukua gramu 2.3, na miseli zinabakiwa na gramu 1.3 peke yake. Kwa mujibu wa Smith na Ewart, idadi ya vichembe hufuata kiasi cha sabuni kwa kipeo cha 0.6, hivyo vichembe vinashuka hadi kama asilimia 54 ya vile ambavyo vingepatikana, na kasi ya mmenyuko, inayotegemea idadi hiyo, inashuka navyo. Hakuna kiungo kilichopunguzwa. Fomula ni ileile, lakini mapanga yameihamisha sabuni.

Mimi naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo zima. Tumezoea kuamini kwamba kukoroga zaidi ni kuchanganya zaidi, na kuchanganya zaidi ni kuharakisha. Katika tangi hili kukoroga zaidi kunaweza kuuchelewesha mmenyuko, na hata kuzaa vichembe vikubwa zaidi, kwa kuwa stirini ileile inagawanywa kwa walaji wachache.

Ukikoroga kidogo mno, tatizo ni jingine na ni rahisi kulielewa. Stirini ni nyepesi kuliko maji, mililita moja ina gramu 0.91, basi inapanda na kutanda juu kama tabaka. Matone yakipotea, njia pekee ya stirini kushuka ni kupitia ule uso mmoja mwembamba wa tabaka, na vichembe chini vinakaa na njaa. Vinili asetati, malighafi ya gundi nyeupe, huvumilia zaidi uzembe huu kwa kuwa huyeyuka majini kwa gramu zaidi ya 20 kwa lita. Stirini haivumilii.

Kati ya kasi hizo mbili kuna uwanja wa wastani ambamo mapanga hayaleti tofauti kubwa, na watafiti waliojikuta humo waliandika kwamba kukoroga hakuna athari. Wengine wakaandika kwamba kunapunguza kasi ya mmenyuko, wengine kwamba kunaiongeza. Mwaka 1972 Mamoru Nomura na wenzake nchini Japani, akiwemo Shinji Nagata, bingwa wa sayansi ya kuchanganya, walichapisha utafiti juu ya stirini uliosaidia kuipanga fujo hiyo, na miongoni mwa mambo waliyoyatilia mkazo ni usafi wa nitrojeni. Oksijeni ni adui wa radikali: ikikutana nayo hugeuka kuwa radikali nyingine mvivu, isiyoendeleza mnyororo. Kwa hiyo tangi hujazwa nitrojeni kabla ya kuanza. Nitrojeni ikiwa na chembe ya oksijeni ndani yake, na mapanga yakizunguka kwa nguvu hadi kuchimba shimo katikati ya majimaji na kuivuta gesi chini, oksijeni huingia mfululizo na mmenyuko hupoa. Mtafiti anayeandika tu mizunguko kwa dakika ataona kasi inaua mmenyuko, ilhali muuaji ni hewa. Ukitumia nitrojeni safi, na ukiweka vibao vya kusimama ukutani mwa tangi ili majimaji yasizunguke kama gurudumu, picha inabadilika.

Kiwandani kuna suala ambalo chupa ya soda haiwezi kulionyesha kabisa, nalo ni joto. Kila kilo ya stirini inapogeuka polima hutoa kilojuli 670 hivi. Ukiwa na kilo moja ya stirini ndani ya kilo moja na nusu ya maji, na joto lote likabaki humo, mchanganyiko utapanda kwa zaidi ya nyuzi 80. Ukianzia 50 umeshapita kiwango cha kuchemka, na presha ya butadieni au vinili asetati katika hali hiyo si jambo la kusimulia kwa utulivu. Joto lazima litoke kupitia ukuta wa tangi, ambao nje yake yanapita maji baridi, na linafika ukutani kwa sababu mapanga yanayasukuma majimaji huko.

Tatizo ni kwamba ukuta haukui sawasawa na tangi. Chukua chombo cha maabara cha lita moja, pangaboi lake likiwa na upana wa sentimita 5 na likizunguka mara 300 kwa dakika. Likuze kila kipimo kwa uwiano uleule hadi lita 10,000. Urefu na upana vinaongezeka mara 21.5, pangaboi linafikia mita 1.08, na eneo la ukuta kwa kila lita linabaki moja ya ishirini na moja na nusu ya lilivyokuwa. Sasa mhandisi atazungusha kwa kasi gani? Akibaki na mizunguko 300, ncha za pangaboi zitakata majimaji kwa karibu mita 17 kwa sekunde badala ya sentimita 79, na kila lita itapokea nguvu mara 460 ya ile ya maabara. Akilinda kasi ya ncha ibaki ileile, mizunguko inashuka hadi 14, na nguvu kwa kila lita inabaki chini ya asilimia 5, kiasi kwamba stirini inaweza kuanza kutanda juu. Akilinda nguvu kwa kila lita, anapata mizunguko 39, na ncha zinakwenda kwa mita 2.2 kwa sekunde, karibu mara tatu ya maabara.

Hakuna jibu lililo sahihi kwa kila kitu kwa pamoja. Ukubwa wa matone, upoaji wa ukuta na usalama wa vichembe kila kimoja kinadai mizunguko yake. Ndiyo sababu mtu aliyefanikiwa maabara hupeleka fomula yake kiwandani na kupata bidhaa nyingine kabisa, kisha anaanza kulaumu sabuni au maji ya bomba.

Usalama wa vichembe tumeutaja, tuukabili sasa. Vichembe vya polima havijashikana kwa sababu vimevikwa sabuni yenye chaji, na chaji zinasukumana. Mgongano wa kawaida, ule wa mtikisiko wa joto la molekuli, hauna nguvu ya kuvunja ukinzani huo. Mapanga yanaweza. Majimaji yaliyo karibu na ncha za pangaboi yanakwenda haraka, yaliyo mbali kidogo yanakwenda polepole, na vichembe vilivyo kwenye tabaka hizo mbili vinabamizana. Mfugaji anayetikisa maziwa ndani ya kibuyu mpaka siagi ijitenge anatumia nguvu hiyohiyo kwa makusudi. Mwenye kiwanda cha rangi anaikimbia, kwani ikimtokea hupata mabonge yanayoziba machujio na utando mgumu unaoganda ukutani, na utando huo unazuia joto kutoka.

Marian Smoluchowski alitoa mwaka 1917 hesabu ya migongano ya aina zote mbili. Inaonyesha kwamba migongano ya mkondo, ukiilinganisha na ile ya mtikisiko wa joto, huongezeka kwa mchemraba wa ukubwa wa kichembe. Kwa vichembe vya nanomita 100 vikikorogwa kwa nguvu, migongano ya mapanga ni kama sehemu moja ya nane tu ya ile ya asili. Vikikua mara kumi, hadi maikromita moja, uwiano unaongezeka mara elfu na mapanga yanatawala. Kwa hiyo kasi iliyokuwa salama saa ya kwanza inaweza kuwa ya hatari saa ya kumi, ndani ya tangi lilelile, kwa sababu vichembe vimenenepa. Waendeshaji wazoefu huipunguza kasi kadiri mmenyuko unavyosonga, na wanafanya vyema.

Je, ukikoroga kupita mipaka yote? Mwaka 1973 John Ugelstad wa Norway, pamoja na Mohamed El-Aasser, mzaliwa wa Misri, na John Vanderhoff wa Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania, walionyesha kwamba matone yakikatwa hadi yawe madogo sana, ya nanomita mamia chache au chini yake, na yakilindwa kwa kiungo cha mafuta kinachoyazuia yasimezane, uso wao unashinda hata wa miseli. Hapo radikali zinaingia kwenye matone yenyewe. Ghala limekuwa karakana. Nguvu ya kukata imebadilisha mahali pa mmenyuko, si kasi yake tu, na tawi zima la kemia liliota kutoka hapo.

Watu wawili kati ya hao watatu walikutana na upande wa pili wa tatizo miaka michache baadaye. Vanderhoff na El-Aasser walitaka vichembe vya polistirini vikubwa, maikromita 10, vyote vya ukubwa mmoja, vitumike kupimia hadubini na mashine za kuhesabu seli za damu. Njia ilijulikana: unaanza na vichembe vidogo, unavilisha stirini, unavipolimisha, kisha unavilisha tena, hatua kwa hatua. Lakini kichembe kikubwa kilichovimba kwa stirini ni chepesi kuliko maji na kinaelea juu. Kikishageuka polistirini yote, gramu 1.05 kwa mililita, kinakuwa kizito na kuzama; cha maikromita 10 kinashuka kama sentimita moja kwa saa. Ukiacha kukoroga, vichembe vinakusanyika juu au chini na kushikana. Ukikoroga, vinabamizana, na kwa ukubwa huo tumeona hesabu ya Smoluchowski inasemaje. Duniani mapanga yalikuwa yanatakiwa na yanaharibu kwa wakati mmoja.

Walichofanya ni kuondoa sababu ya kukoroga. Machi 1982 chombo cha anga Columbia, katika safari yake ya tatu, kilibeba mtambo wao mdogo wenye matangi manne ya mililita 100 kila moja. Pasipo uzito hakuna cha kuelea wala kuzama, na majimaji yalihitaji kusogezwa polepole tu ili joto na stirini vienee. Safari kadhaa zilifuata, ukubwa ukipandishwa kila mara. Mwaka 1985 shirika la vipimo la serikali ya Marekani lilianza kuuza vichupa vya vichembe hivyo, vyenye wastani wa maikromita 9.89, na vinatajwa kuwa bidhaa ya kwanza iliyotengenezwa angani na kuuzwa duniani.

Ugelstad hakuwafuata huko. Kabla Columbia haijaruka, akiwa Trondheim, alikwisha kugundua kwamba kichembe kidogo kikipewa kwanza mafuta kidogo yasiyoyeyuka majini, kinapata uwezo wa kunywa stirini mara elfu ya ujazo wake, kwa mkupuo mmoja. Msururu mrefu wa hatua, kila moja ikiwa na saa zake za mapanga na migongano yake, ukafupishwa, na ukubwa sawa ukapatikana juu ya meza ya maabara. Baadaye vichembe vyake vilitiwa chuma ndani, vikaitwa Dynabeads, na leo maabara za hospitali na vyuo vikuu huvitumia kuvuta seli na chembe za urithi kutoka kwenye sampuli kwa sumaku.